Barua ya wazi kwa wakuu wa masoko ya kripto: kesi ikifunguliwa, msitufungie ndani

Kwa Wakurugenzi na Mameneja,
Masoko ya sarafu za kripto yanayohudumia wateja wa Kenya.

Nakala: Mtendaji Mkuu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), Gavana, Benki Kuu ya Kenya.

Mombasa

Waheshimiwa,

KUH: UTARATIBU WENU SARAFU INAPOSHTAKIWA NA WADHIBITI

Kwa heshima zote, tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimegonga ukuta. Maswali yanayopelekwa kwenye madawati yenu ya huduma hujibiwa na mashine, nayo humwelekeza mteja akasome masharti ya matumizi. Tumeyasoma. Ndiyo maana tunaandika.

Hoja yetu ni hii. Mdhibiti anapoishtaki kampuni iliyotoa sarafu, au soko linaloiuza, kinachomuumiza mwekezaji mdogo si hukumu, kwani hukumu huja baada ya miaka. Huumia katika wiki chache za mwanzo, na mengi ya wiki hizo huamuliwa na ninyi: biashara inasimama lini, notisi ni ya siku ngapi, kutoa sarafu kwenye akaunti kunaruhusiwa hadi lini, na sarafu zilizobaki kwenye akaunti zinafanywa nini. Bei kuanguka ni hatari tuliyoikubali tulipoingia. Kufungiwa ndani, au kuuziwa mali yetu bila ridhaa, hatukukubali.

Mfano wa XRP, sarafu ya kampuni ya Ripple Labs, unatosha kuonyesha. Tarehe 22 Desemba 2020, Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani (SEC) iliishtaki Ripple Labs pamoja na wakuu wake wawili, Christian Larsen na Bradley Garlinghouse. Ilidai kwamba tangu 2013 walikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa kuuza XRP bila kuisajili kama dhamana ya uwekezaji, yaani bidhaa ya mtaji kama zilivyo hisa. Siku sita baadaye soko la Coinbase likatangaza kwamba biashara ya XRP ingesimama tarehe 19 Januari 2021. Soko la Bitstamp likawafungia wateja wake wa Marekani tarehe 8 Januari. Bei iliyokuwa juu ya senti 50 za dola katikati ya Desemba ilikuwa karibu senti 20 mwaka ulipokwisha. Wakati huo hakuna hakimu aliyekuwa ametoa uamuzi wowote.

Kilichofuata kila mmoja wenu anakijua. Aprili 2021, kesi ikiwa bado changa, bei ilikuwa imepita dola 1.50. Tarehe 13 Julai 2023 Jaji Analisa Torres wa mahakama ya New York aliamua kwamba Ripple ilivunja sheria ilipowauzia XRP wawekezaji wa taasisi kwa mikataba, lakini haikuivunja kwa mauzo yaliyopitia masokoni, ambako mnunuzi hajui anauziwa na nani. Siku hiyohiyo bei ikaruka kutoka chini ya senti 50 hadi zaidi ya 80, na masoko yaliyokuwa yameitupa sarafu hiyo yakaanza kuirudisha. Agosti 2024 faini ikawekwa dola milioni 125, ilhali SEC iliomba karibu bilioni 2. Agosti 2025 pande zote mbili zikaondoa rufaa. Faini hiyo haikuwa fidia ya mtu aliyeuza kwa senti 20. Huyo hakupata chochote, na hakuna mahakama anayoweza kuiendea akadai.

Sasa tuingie kwenye malalamiko yenyewe.

1. Mnazitendea kesi zote sawa, na kesi hazifanani.

Kuna kesi ya usajili: mdhibiti anadai bidhaa ni dhamana na haikuandikishwa. Kipimo cha Marekani kinatokana na hukumu ya Howey ya 1946, iliyohusu mashamba ya machungwa huko Florida: fedha zimewekezwa, katika shughuli ya pamoja, kwa kutarajia faida, itokanayo na juhudi za wengine. Kipimo hicho hakiko mbali nasi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitumia katika mvutano kati ya Wiseman Talent Ventures na CMA kuhusu sarafu ya KeniCoin.

Kuna kesi ya udanganyifu: fedha za wateja zimeliwa, au kampuni imesema uongo kuhusu kinachoishikilia sarafu. Hapo kasi inahitajika, na soko likisimamisha biashara usiku huohuo hatutalilaumu.

Halafu kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo huwachanganya watu zaidi: anayeshtakiwa ni soko, na sarafu zinatajwa tu ndani ya hati ya mashtaka. Juni 2023 SEC iliishtaki Binance tarehe 5 na Coinbase tarehe 6, na ndani ya hati hizo ikazitaja SOL, ADA na MATIC, miongoni mwa nyingine, kuwa dhamana. Watoaji wa sarafu hizo hawakuwa washtakiwa. Hata hivyo soko la Robinhood likaziondoa hizo tatu tarehe 27 Juni. SOL iliyokuwa chini ya dola 20 wakati huo ilivuka dola 100 kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 2025 SEC ikaziacha kesi zote mbili.

Matokeo ya aina hizi hayalingani hata kidogo. Telegram ilikubali Juni 2020 kuwarudishia wawekezaji zaidi ya dola bilioni 1.2 na kulipa faini ya milioni 18.5, na mradi wake ukazimwa. LBRY ilishindwa mahakamani Novemba 2022 na mwaka uliofuata kampuni ikafunga milango. Ripple ipo hadi leo. Tangazo lenu la kusimamisha biashara linaposema tu “kutokana na mazingira ya kisheria”, mteja wa Kisauni atajuaje kama anashika LBRY au XRP?

2. Notisi ni fupi, na saa yake si saa yetu.

Coinbase ilitoa takriban wiki tatu, na kwa viwango vya biashara hii wiki tatu ni ukarimu. Lakini muda wa mwisho ulikuwa saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, yaani saa tatu usiku Mombasa. Mnapoiga utaratibu huo mnaandika muda kwa saa za UTC, kwa Kiingereza, ndani ya barua pepe iliyojaa matangazo ya bahati nasibu za sarafu mpya. Baharia aliye kazini kwenye meli au mfanyakazi aliye Doha huiona baada ya siku kadhaa. Notisi ya siku tatu kwake ni sawa na kutokuwapo notisi.

3. Kutoa sarafu ni kazi ya kiufundi, nanyi mnaiacha kwa mteja bila maelekezo.

Hapa ndipo panapopotea fedha nyingi zisizohesabiwa na mtu, kwa hiyo mtuvumilie turefushe kidogo.

Mwezi Januari 2021, anwani mpya ya XRP ilikuwa haifunguki bila kuweka akiba ya XRP 20 ambazo haziwezi kutumika. Mteja mwenye XRP 60 aliyeambiwa “hamishia kwenye pochi yako”, yaani programu ya kutunzia sarafu mwenyewe nje ya soko, alikuwa anafungia theluthi ya mali yake pale pale. Akiba hiyo ilishushwa hadi 10 baadaye mwaka huohuo, na hadi 1 mwezi Desemba 2024, lakini sarafu nyingine zina masharti yake, na hatujaona notisi ya kuondoa sarafu inayoyataja.

Anayehamishia kwenye soko jingine badala ya pochi yake anahitaji, mbali na anwani, namba ya tagi. Soko huwa na anwani moja ya XRP kwa wateja wake wote. Tagi ndiyo humtambulisha mwenyewe. Ukiisahau, sarafu zinafika salama kwenye mfuko wa soko na hazijulikani ni za nani. Kuzirudisha ni kazi ya mkono, yenye ada, na wakati wa msukosuko foleni yake ni ya wiki nyingi.

Tokeni, yaani sarafu zinazotembea juu ya mtandao wa sarafu nyingine kama Ethereum, zina mtego mwingine. Soko hukata ada ya mtandao kutoka kwenye tokeni yenyewe, kwa hiyo mteja hutoa bila shida. Zikishafika kwenye pochi yake hawezi kuzisogeza hata hatua moja bila ETH, sarafu ya mtandao huo wa Ethereum, ya kulipia ada. Wengi hugundua hilo siku wanapotaka kuuza.

Kisha kuna viwango. Akaunti ambayo haijakamilisha uhakiki wa kitambulisho ina kikomo kidogo cha kutoa kwa siku, na kiwango cha chini cha kutoa wakati mwingine ni kikubwa kuliko salio la mteja. Mwenye salio lililo chini ya kiwango hicho amebaki ndani, hata mngempa notisi ya mwaka mzima.

Tunachotarajia ni karatasi moja kwa kila sarafu inayoondolewa: mtandao unaotumika, akiba inayodaiwa, tagi inahitajika au la, ada, kiwango cha chini, na agizo la kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo kabla ya kuhamisha kilichobaki. Fundi wenu anaweza kuiandika kwa saa moja.

4. Kuuza kwa lazima.

Robinhood ilisema wazi kwamba SOL, ADA na MATIC zitakazobaki baada ya muda wa mwisho zitauzwa kwa bei ya soko na fedha kuwekwa kwenye akaunti. Afadhali walisema. Kuna masharti yanayowaruhusu ninyi kufanya hivyo “kwa hiari ya kampuni”, bila kutaja siku, bei wala namna ya kuikokotoa. Kumuuzia mtu sarafu yake siku ambayo kila soko linaiuza ni kumkabidhi bei mbaya kuliko zote.

5. Kitabu cha oda kinachokonda.

Kitabu cha oda ni orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri sokoni. Kesi inapotangazwa, wa kwanza kuondoka ni makampuni yanayoweka oda za kununua na kuuza muda wote. Kioo cha simu kinaendelea kuonyesha bei ileile, lakini nyuma yake hakuna kitu. Chukua mteja anayeuza sarafu 8,000 kwa oda ya papo hapo, yaani kwa bei yoyote iliyopo, bei ya mwisho ikiwa shilingi 36. Oda za kununua zilizopo ni 2,000 kwa shilingi 36, 3,000 kwa 34, na 5,000 kwa 30. Atapata shilingi 72,000, na 102,000, na 90,000 kwa zile 3,000 za mwisho: jumla 264,000, wakati alidhani anapata 288,000. Shilingi 24,000 zimeyeyuka ndani ya sekunde moja. Oda za kujikinga na hasara ndizo mbaya zaidi, kwa sababu bei ikigusa kiwango kilichowekwa hugeuka kuwa oda za papo hapo, zote pamoja, kwenye kitabu kilekile chembamba.

Mnaweza kupunguza haya kwa swichi mlizonazo tayari: zuieni oda za papo hapo zinazovuka asilimia fulani ya bei, ruhusuni oda za bei maalumu tu, ambazo mteja hutaja bei yake, na fungeni kwanza biashara ya mikopo (kununua na kuuza kwa fedha za kukopa), ambayo ndiyo huwasha moto wa kuuziwa kwa lazima. Badala yake mara nyingi biashara ya mikopo hubaki wazi hadi dakika ya mwisho. Ada zake ni nono, tunaelewa.

6. P2P (kuuziana mtu na mtu) na M-Pesa.

Kwa wengi wetu mlango wa kutokea ni huu: sarafu hubadilishwa kuwa USDT, sarafu ya kripto iliyofungamanishwa na dola, kisha USDT huuzwa kwa mtu mwingine anayelipa kwa M-Pesa, soko likishikilia USDT hizo hadi malipo yathibitishwe. Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000 na kwa siku hauzidi 500,000, kwa hiyo mwenye mtaji wa duka la Biashara Street hatoki kwa siku moja. Watu wengi wakikimbilia mlango huo pamoja, wanunuzi hushusha bei yao, na matapeli huongezeka: ujumbe bandia wa M-Pesa, malipo kutoka kwa jina lisilolingana na la akaunti, na mtu anayelipa kisha kuomba muamala urudishwe kupitia namba 456 ya Safaricom akidai alikosea namba. Muuzaji anayeachilia USDT kwa kutazama SMS pekee, bila kuangalia salio lake, hupoteza vyote viwili. Siku hizo ndizo dawati la migogoro linahitaji watu wawili zaidi, wanaosoma ujumbe wa M-Pesa na wanaojua Kiswahili. Kwa sasa mgogoro wa Likoni huamuliwa na mtu asiyeweza kuusoma ushahidi.

7. Rekodi.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 mwenye sarafu alitozwa asilimia 3 ya thamani aliyouza, hata akiuza kwa hasara. Tangu Julai 2025 kodi hiyo imefutwa na badala yake kuna ushuru wa asilimia 10 juu ya ada mnayotoza. Vyovyote vile, mteja anahitaji kumbukumbu za tarehe, bei na ada. Sarafu inapoondolewa, kurasa zake hufutwa pamoja na historia yake. Acheni historia ipakuliwe, haiwagharimu chochote.

Visingizio tunavijua, na tungependa kuvijibu mapema.

Mtasema mnafuata agizo la benki au mshirika wa nje. Inawezekana, na hatuombi mvunje mkataba. Lakini hati ya mashtaka ya Marekani haimfungi mteja wa Mombasa, wala si hukumu hata huko Marekani. Kama ni mshirika ndiye anayewabana, semeni hivyo na mtaje tarehe aliyowapa, ili tujue ni siku ngapi mmebaki nazo kimya.

Mtasema tangazo la mapema huleta taharuki. Kesi yenyewe imekwisha kuwa habari ya dunia nzima. Kinacholeta taharuki ni uvumi kwamba soko fulani litafunga bila kusema. Tangazo moja, kwa wote, kwa wakati mmoja, huziba pia mwanya wa mfanyakazi wenu kuuza kabla ya wateja.

Mtasema masharti ya matumizi yanawaruhusu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike na huduma, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro ya huduma. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kubofya “nakubali” hakufuti Katiba.

Na mtasema hapakuwa na sheria ya kripto. Hilo lilikuwa jibu tangu tahadhari ya Benki Kuu ya Desemba 2015, na kwa miaka kumi lilitosha. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ilitiwa saini tarehe 15 Oktoba 2025 na ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2025. Leseni sasa ni lazima, na usimamizi umegawanywa kati ya CMA na Benki Kuu.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, kila soko litangaze utaratibu wa maandishi, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaoeleza litafanya nini katika kila aina ya kesi tulizozitaja hapo juu. Kwa kesi ya usajili, au sarafu inapotajwa tu, notisi isipungue siku 30, kwa saa za Afrika Mashariki, kwa SMS pamoja na barua pepe.

Pili, kufunga kufanyike kwa hatua: biashara ya mikopo kwanza, kisha kuingiza sarafu kwenye akaunti na kununua, kuuza kuwe mwisho. Kutoa sarafu kubaki wazi siku 90 baada ya biashara kusimama, na viwango vya chini viondolewe katika kipindi hicho.

Tatu, pasiwe na kuuziwa bila ridhaa. Salio likibaki baada ya siku hizo, lihifadhiwe kwa jina la mteja, mbali na mali ya kampuni. Pale ambapo sheria inawalazimisha kuuza, wastani wa bei uchukuliwe kwa siku kadhaa, na hesabu yake ichapishwe.

Nne, karatasi ya kiufundi tuliyoieleza katika namba 3 itoke pamoja na notisi. Ikija wiki moja baadaye haitamsaidia aliyekwisha kosea.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke, na jibu hilo lichapishwe mahali ambapo wateja wote wataliona. Muda huo ukipita kimya, tutawasilisha barua hii CMA na Benki Kuu kama malalamiko rasmi, pamoja na ombi kwamba utaratibu huo uwe sharti la leseni kwa soko lolote litakaloomba kuwahudumia Wakenya.

Wenu katika biashara,

Wawekezaji wadogo wa sarafu za kripto,
Mombasa.